Kuvumbua gurudumu upya: msemo unaosemwa sana na kueleweka nusu

Kuna sentensi moja ambayo ikitamkwa kikaoni huweza kumaliza mjadala papo hapo: "Jamani, tusivumbue gurudumu upya." Aliyekuwa akieleza wazo lake hukaa chini, wengine hutikisa vichwa, kikao kikasonga mbele. Lakini waulize waliokuwepo sentensi ile ilimaanisha nini, utapata majibu yanayogongana. Mmoja atasema wameambiwa waache kubuni vitu vipya. Mwingine atasema wazo lilikuwa zuri ila gumu mno. Wa tatu ataona mwenzao ametukanwa kwa adabu. Na wapo wanaoutumia msemo huohuo kama sifa, kwamba kampuni fulani "imevumbua gurudumu upya", wakimaanisha imeleta mapinduzi.

Mkanganyiko huo una hasara pande zote mbili. Mawazo yanayostahili kusikilizwa yanazimwa na msemo ambao haukuyahusu. Wakati huohuo, watu wanaoendelea kurudia kazi iliyokwisha kufanywa na wenzao hawashtuki, kwa kuwa wamezoea kuusikia ukitupwa ovyo. Ni msemo wenye akili ndani yake, na unastahili kutumiwa vizuri zaidi ya hivi.

Maana yake hasa

Kwa asili ni msemo wa Kiingereza, "reinvent the wheel", nao umeenea katika Kiswahili cha ofisini, vyuoni na kwenye miradi. Wapo wanaosema kuvumbua gurudumu upya, wapo wanaosema kubuni. Wote wanakusudia jambo moja. Kuvumbua gurudumu upya ni kutumia muda, fedha na akili kutengeneza kitu ambacho tayari kipo, kinafaa kwa kazi uliyonayo, na unaweza kukipata.

Hayo ni masharti matatu, na lazima yatimie yote. Kipo. Kinafaa. Kinapatikana. Likikosekana moja tu, msemo hauna mahali pa kukaa.

Fikiria mtu anayefyeka msitu kwa panga akitafuta pa kupita kwenda mtoni, ilhali njia ipo nyuma ya kichaka na watu wanaipita kila siku. Hakuna anayemlaumu kwa bidii yake. Kosa lake ni kutouliza. Lakini ikiwa njia ile imezibwa, au inaishia penye mamba, au inaelekea kwingine kabisa, basi panga lina kazi halali. Anayemwambia aache kufyeka bila kuitazama njia yenyewe hamsaidii.

Kwa hiyo msemo huu ni wa kuonya. Kwa kawaida huja pamoja na ukanushi: hakuna haja ya kuvumbua gurudumu upya, tusivumbue gurudumu upya, mbona mnavumbua gurudumu upya? Anayeutumia kumsifu mtu ameupindua. Nadhani kosa hilo linatokana na neno "kuvumbua", ambalo katika masikio yetu ni neno la heshima. Mvumbuzi ni mtu mkubwa. Uzito wa msemo, hata hivyo, uko kwenye "upya".

Gurudumu lenyewe halikuzaliwa limekamilika

Gurudumu lilichaguliwa kubeba msemo huu kwa sababu linaonekana kuwa kitu rahisi, cha kale, kisicho na cha kuongezwa. Picha iliyomo vichwani mwa wengi ni ya mtu wa zamani aliyeona gogo likibingirika, akakata kipande chake, akakitoboa katikati, kazi ikaisha.

Picha hiyo si ya kweli. Kipande cha gogo kilichokatwa kwa kukingama hakifai kuwa gurudumu: mbao ikikauka hunywea zaidi kuzunguka duara kuliko kuelekea kitovu, kipande kikapasuka kuanzia ukingoni hadi katikati. Waundaji wa kwanza walilijua hilo. Mwaka 2002, katika kinamasi karibu na Ljubljana, Slovenia, wanaakiolojia walichimbua gurudumu la mbao lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, miongoni mwa ya kale kabisa yaliyowahi kupatikana. Kipenyo chake ni kama sentimita 70. Fundi wake alichukua mbao mbili, akaziunga ubavu kwa ubavu, kisha akazifunga kwa vipande vinne vya mwaloni vilivyopenyezwa kwenye mifereji iliyochongwa kukingama mbao zenyewe, zisiachane wala kupinda. Tundu la katikati ni la mraba, si la duara. Maana yake ekseli, yaani mti unaopita katikati ya gurudumu, haikukaa tuli huku gurudumu likizunguka. Ilikazwa ndani ya gurudumu, vikazunguka pamoja.

Hapo ndipo ugumu halisi wa uvumbuzi huu ulipo, kwenye ekseli. Duara peke yake halibebi mzigo. Sehemu ile ya mbao inayozunguka ikisuguana na mbao nyingine isipochongwa ikawa laini na duara sawasawa, mkokoteni haujongei. Ikilegea, gurudumu linayumba, ikibana, linakwama. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na gurudumu nalo liliundwa kwa jasho.

Kisha halikuachwa hivyo. Kama miaka 4,000 iliyopita, watu wa kusini mwa milima ya Ural walikuwa tayari wanazika wakuu wao pamoja na magari ya vita yenye magurudumu ya spoku, mepesi kuliko yale ya mbao nzima. Baadaye mafundi wa Ulaya walivisha ukingo wa gurudumu pete ya chuma iliyopashwa moto, ikipoa inanywea na kulibana. Karne ya 19 ikaleta spoku za waya kwenye baiskeli, zinazobeba uzito kwa kuvutana badala ya kusimama kama nguzo. Katika kila hatua mtu aliyekuwa na gurudumu linalofanya kazi alilitazama akaona halimtoshi.

Na kwingine gurudumu halikuwa jibu hata kidogo. Huko Mexico, kabla ya Wazungu kufika, wachongaji walitengeneza vinyago vidogo vya wanyama vilivyowekwa magurudumu, kwa hiyo wazo walikuwa nalo. Mikokoteni hawakuwa nayo. Wanyama wakubwa wa kukokota hawakuwepo huko. Kusini zaidi, dola ya Wainka ilijenga barabara za makumi ya maelfu ya kilomita juu ya milima ya Andes, zenye ngazi na madaraja ya kamba, zikatumiwa na wapiga mbio na misafara ya lama. Mkokoteni usingepanda ngazi zile.

Aliyelivumbua gurudumu upya kweli

Kama kuna mtu anayeonekana kufanya hasa kile kinachokatazwa na msemo, ni John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la kujazwa hewa. Kisa chake kinafundisha kuliko maelezo yoyote ya kamusi, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

Tuanze na aliyemtangulia. Robert William Thomson, mhandisi wa Uskoti, alipata hataza ya Uingereza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1845 akiwa na umri wa miaka 23. Wazo lake lilikuwa kuzungushia gurudumu mpira wa turubai iliyopakwa raba, uliojazwa hewa na kufunikwa kwa ngozi nje. Aliyaita magurudumu ya hewa. Yalijaribiwa London kwenye magari ya farasi, yakaonekana kupunguza kelele na kumrahisishia farasi kazi. Kila kitu muhimu katika tairi la leo kilikuwemo.

Halikwenda popote. Raba nzuri nyembamba ilikuwa adimu na ghali. Baiskeli kama tunazozijua hazijakuwepo, motokaa ndiyo kabisa. Magari ya farasi yalikuwa yakienda na magurudumu ya chuma, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. Thomson aligeukia kazi nyingine, akafariki mwaka 1873, na tairi la hewa likazikwa kwenye makabati ya hati.

Dunlop naye alikuwa Mskoti, lakini akiishi Belfast, na hakuwa mhandisi. Alikuwa daktari wa mifugo. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ya raba ngumu, iliyomtikisa vibaya kwenye barabara za mawe. Dunlop alichukua raba nyembamba, akaigundisha iwe mpira, akaufunga kuzunguka duara la mbao, akaujaza hewa. Kisha, kama inavyosimuliwa, alilibingirisha gurudumu la baiskeli ya mwanawe uani, likaishiwa nguvu njiani. Akabingirisha lile la hewa kwa nguvu ileile, likavuka ua mzima likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Alipata hataza mwaka 1888. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano Belfast kwa kutumia matairi hayo, na tangu hapo hakuna mshindani aliyetaka kupanda raba ngumu. Kisha ikaja habari mbaya: mwaka 1890 Dunlop alijulishwa kwamba hataza yake ni batili, kwa sababu Thomson alishalifanya jambo lilelile zaidi ya miaka 40 nyuma. Kampuni iliyojengwa juu ya wazo lake ililazimika kuegemea hataza za vitu vingine, kama namna ya kulishikilia tairi kwenye rimu.

Je, Dunlop alipoteza muda? Kwa sheria ya hataza, hakuvumbua kitu. Kwa maisha ya watu, yeye ndiye aliyelileta tairi la hewa duniani. Lilikuwepo, lilifaa, lakini halikuwa linapatikana. Hakukuwa na duka, fundi wala mhandisi wa Belfast ambaye angemwonyesha. Sharti la tatu lilikosekana. Na kati ya Thomson na Dunlop dunia ilibadilika: baiskeli zilikuja, na raba ikaboreka. Wazo lilelile lililokufa katika mikono ya mmoja lilikuta udongo mwingine katika mikono ya wa pili. Ndiyo maana hoja ya kwamba "hilo lilishajaribiwa likashindikana" huwa haitoshi peke yake. Inabidi iulizwe lilishindwa kwa sababu gani, na kama sababu hiyo bado ipo.

Kurudia bila kujua

Yapo marudio yasiyo na utetezi wa namna hiyo. Mwaka 1994, jarida la utafiti wa kisukari lilichapisha makala iliyotangaza njia mpya ya kukadiria eneo lililo chini ya mstari wa grafu, kwa kuligawa eneo hilo katika vipande vyembamba vyenye umbo la trapeza na kujumlisha. Wanahisabati waliposoma walipigwa na butwaa, maana hiyo ni kanuni inayofundishwa kwa wanafunzi wa mwanzo wa kalkulasi. Tena ni ya kale kuliko kalkulasi yenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanajimu wa Babeli, kati ya mwaka 350 na 50 KK, walitumia hesabu ya trapeza kufuatilia mwendo wa sayari ya Jupita, wakaiandika kwenye vigae vya udongo. Mwandishi wa makala ile alikuwa na tatizo la kweli na akalitatua kwa akili yake. Shida ni kwamba jibu lilikuwa kwenye kitabu chochote cha hisabati, katika idara ya jirani.

Kurudia kwa aina hii mara nyingi hakutokani na uvivu. Kitu kilekile huitwa jina moja na madaktari, jingine na wahandisi, jingine na wanahisabati, na kila kundi husoma majarida yake. Hata vigogo hunaswa. Mwaka 1965, James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kuchambua mawimbi kwa kompyuta, njia ambayo leo imo ndani ya simu, redio za kidijitali na mashine za kupiga picha za mwili hospitalini. Baadaye ikaja kutambuliwa kwamba Carl Friedrich Gauss alikuwa ameifikia tangu mwaka 1805 hivi, akikokotoa mizunguko ya sayari ndogo. Aliiandika kwa Kilatini, haikuchapwa mpaka mwaka 1866, miaka 11 baada ya kifo chake. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu Cooley na Tukey kwa hilo.

Linaloniuma zaidi ni kurudia kunakosababishwa na kusahau. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona haraka. Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya malimau, na kiseyeye kikapungua mno. Ungedhani suala limefungwa. Lakini katika karne ya 19 malimau yalibadilishwa na ndimu, ambazo nguvu yake dhidi ya ugonjwa huo ni ndogo zaidi, na namna maji yake yalivyohifadhiwa ikaipunguza hata hiyo. Kwa kuwa meli za mvuke zilifupisha safari, hakuna aliyegundua kwamba kinga imeondoka. Safari ndefu za ncha za dunia ndizo zilizofichua. Wanaume walianza tena kuvimba fizi na kufa, huku baadhi ya madaktari wakidai chanzo ni nyama iliyoharibika. Ilibidi watafiti wawili wa Norway, Holst na Frølich, waanze upya mwaka 1907 kwa majaribio ya wanyama, na vitamini C yenyewe ikaja kutambuliwa miaka ya 1930. Maarifa yaliyokuwepo yalipotea kwa sababu watu walishika kitendo, kunywa maji ya tunda chachu, bila kujua ni nini ndani yake kilichokuwa kikifanya kazi. Gurudumu lisiloeleweka linaweza kutoweka hata likiwa linatumika kila siku.

Pale msemo unaposema kweli tupu

Kuna kazi ambazo ningependa msemo huu ubandikwe ukutani. Usalama wa data ni moja. Mtayarishaji wa programu anayeamua kutunga mwenyewe mbinu ya kusimba ujumbe, yaani kuuficha usisomeke na asiyehusika, akiamini kwamba kwa kuwa hakuna anayeijua basi haivunjiki, anawaweka watumiaji wake hatarini. Mbinu ya kusimba haiaminiki kwa sababu mtungaji wake ni hodari. Inaaminika kwa sababu wataalamu wengi wamejaribu kuivunja wakashindwa. Ile iitwayo AES, inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya mtandaoni leo, ilipatikana kwa shindano la wazi lililotangazwa Marekani mwaka 1997. Mbinu 15 ziliwekwa hadharani, zikashambuliwa na watafiti wa nchi mbalimbali, na mshindi akafanywa rasmi kuwa kiwango mwaka 2001. Inatumika bure na imo tayari katika takriban kila lugha ya kompyuta. Masharti yote matatu yametimia. Anayetunga yake nyumbani hapo amevumbua gurudumu upya, na huenda lake likawa la pembe nne.

Vivyo hivyo kwa dozi za dawa, vipimo vya madaraja, taratibu za marubani kabla ya kuruka. Humo ndani ya kila mstari kuna makosa yaliyokwisha kulipiwa na wengine. Mwanahisabati Richard Hamming, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1968, aliwalalamikia wanakompyuta wenzake kwa hili. Newton alisema aliona mbali kwa kusimama juu ya mabega ya majitu. Sisi, alisema Hamming, tunakanyagana miguu. Malalamiko yale bado yana nguvu.

Pale unapotumiwa vibaya

Mwaka 1971, chombo cha Apollo 15 kilipeleka mwezini kigari cha kwanza kuendeshwa na watu huko. Wahandisi wake walikuwa na matairi bora ya raba duniani mikononi mwao, lakini raba ingekuwa nzito mno, na mwezini joto hupanda na kushuka kupita kiasi katika hali isiyo na hewa. Wakasuka magurudumu ya waya wa chuma, matundu matundu, wakayafunga vipande vya titani kwa nje ili yashike vumbi. Gurudumu lilikuwepo, lilipatikana, ila halikufaa. Mtu angeingia kwenye kikao kile akasema "tusivumbue gurudumu upya" angekuwa amekosea kwa maana zote mbili za neno gurudumu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kitu kuwepo ndiyo mwisho wa mjadala. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alianza kuandika Linux, kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, ilhali mifumo ya aina ile ilikuwepo. Mwanzoni mwa 1992, profesa Andrew Tanenbaum, mwandishi wa mmoja wa mifumo hiyo, alimwambia hadharani kwamba muundo wa Linux ni kurudi nyuma hadi miaka ya 1970. Kwa nadharia alikuwa na hoja. Lakini mifumo iliyokuwepo ilibanwa na leseni au bei, na huu mpya uliweza kuchukuliwa na kurekebishwa na mtu yeyote. Leo Linux imo ndani ya kila simu ya Android.

Kosa jingine ni kuuchanganya msemo na imani kwamba kila kilicho rahisi kimeshavumbuliwa. Hataza ya Marekani ya sanduku la safari lenye magurudumu, ya Bernard Sadow, ilitolewa mwaka 1972, baada ya watu kutua mwezini. Maduka mwanzoni yalimkatalia. Umbo la kusimama, la magurudumu mawili na mkono unaovutika juu, lilikuja mwaka 1987 kutoka kwa rubani, Robert Plath. Sanduku lilikuwepo karne na karne, na gurudumu vilevile. Hata hivyo kuviunganisha hakukuwa kupoteza muda.

Kuna pia suala la kujifunza. Mwalimu anapomwacha mwanafunzi atafute mwenyewe kanuni ambayo ingeweza kusomwa kwenye kitabu, huo si upotevu, kwa sababu lengo la zoezi ni mwanafunzi, kanuni inakuja baadaye. Mwanahisabati Srinivasa Ramanujan alikulia kusini mwa India akiwa na vitabu vichache vya hisabati, kimojawapo kikiwa orodha ndefu ya matokeo yenye uthibitisho kidogo mno. Ilibidi ajenge mwenyewe mengi yaliyokuwa yamejengwa Ulaya zamani, na barua aliyomwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, mwaka 1913 ilikuwa na matokeo yaliyojulikana tayari pamoja na mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kutengwa kule kulimgharimu, na Hardy alilisikitikia hilo. Hata hivyo mikono iliyozoea kujenga ndiyo iliyojenga yale mapya.

Namna ya kuutumia

Usiuchanganye na "kufikiri nje ya boksi". Huo unahimiza kuacha mazoea. Huu unaonya usifanye kazi iliyokwisha kufanywa. Mtu anaweza kuambiwa yote mawili siku moja bila kupingana, maana anayetumia kilichopo kwa sehemu za kawaida hubaki na nguvu ya kubuni kwenye sehemu inayohitaji ubunifu.

Wala usidhani hati ya serikali inathibitisha upya wa kitu. Mwaka 2001, John Keogh, mwanasheria wa Australia, aliomba hataza ya chombo cha duara cha kurahisisha usafirishaji. Ni gurudumu, hakuna zaidi. Alipewa. Alitaka kuonyesha udhaifu wa aina mpya ya hataza iliyotolewa bila kuchunguzwa kwanza kama wazo ni jipya. Australia ilikuja kufunga mlango wa maombi ya aina hiyo mwaka 2021.

Kwa maoni yangu, anayeusema msemo huu ana deni. Akisema tusivumbue gurudumu upya, basi alitaje hilo gurudumu: linaitwaje, liko wapi, nani analitumia, linaruhusiwa kutumika kwa masharti gani. Akishindwa, amezima wazo la mwenzake bila kutoa kitu. Na aliyeambiwa asinyamaze, aulize kwa upole, "Lipi hilo, tulitazame?" Likionyeshwa na likafaa, ameokolewa miezi ya kazi na ana kila sababu ya kushukuru. Likionyeshwa na likawa na kasoro, kasoro hiyo ndiyo hoja ya mradi wake, na sasa anaweza kuieleza kwa sentensi mbili.

Kwa anayetafuta kabla ya kuanza, ushauri ni huu. Tafuta kwa kazi ambayo kitu kinafanya, usiishie kwenye jina unalolijua, kwa kuwa huko kwingine huenda kinaitwa vingine. Muulize mtu wa fani jirani. Pitia hataza; za Marekani na za Ulaya, hadi zile za karne ya 19, zinasomwa bure mtandaoni. Hataza nyingi za leo hudumu miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, kisha kilichomo ni cha kila mtu. Programu huria nazo zina leseni zake, na nyingi zinakutaka tu ubakize tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe kwenye kazi yako.